Pima Kilima Kabla ya Kulipa Nyumba

Bukavu, mashariki mwa Kongo, nyumba huuzwa kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua ikikatika, utaona rangi mpya kila kona ya komuni za Ibanda na Kadutu: ukuta umepakwa chokaa, mlango umepigwa vanishi, ua umefagiliwa, na komisioneri amesimama getini na simu mbili mkononi. Komisioneri ndiye dalali wetu. Anaijua bei ya kila avenyu. Anajua nani anahamia Kinshasa, na nani kafiwa na baba na ndugu sasa wanataka kugawana. Atakuonyesha vyumba, bomba la Regideso na mita ya Snel, kisha atakupeleka barazani ulione Ziwa Kivu likimeremeta. Kilima kilichobeba vyote hivyo hatakuonyesha, wala wewe hutamuuliza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa mji huu. Mimi na mume wangu tulipoamua kuacha kupanga na kutafuta chetu, tulikuwa na akiba ya miaka ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, pamoja na mkopo wa shemeji. Fedha ya namna hiyo mtu wa mshahara wetu haipati mara mbili. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba kabla muuzaji yeyote hajagusa dola yetu, tutawalipa kwanza watu wawili: mpima ardhi, ambaye hapa tunamwita jeometri, na enjinia wa ujenzi. Ndugu walishangaa. Mama mkwe aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, kuta si mnaziona kwa macho yenu? Mtalipa mtu awaangalizie mnachokiona?"

Lilikuwa swali la haki, maana desturi hiyo hatuna. Kwetu mtu hununua nyumba akiwa na wazee wawili na mashahidi wake, kreti ya bia inaletwa, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, anagonga muhuri, mikono inashikwa. Mashahidi hao wanashuhudia kwamba fedha imehesabiwa. Hakuna kati yao anayeshuhudia kwamba ukuta umesimama wima.

Jibu langu kwa mama mkwe nilikuwa nimelipata zamani, nyumbani kwa shangazi, mtaa wa Funu.

Wakati wa likizo nilikuwa napelekwa kwake huko Kadutu. Kila mwaka kabla ya Noeli mume wake alikoroga saruji kidogo ndani ya karai akaziba nyufa. Mmoja ulianzia pembe ya dirisha la sebule ukapanda mshazari mpaka darini, na kila mwaka ulirudi palepale. Mlango wa jikoni ulikuwa umerandwa mara nyingi hata ukingo wake wa juu umekaa upande. Ngazi ya saruji ilikuwa imeachana na baraza, na sisi watoto tuliingiza mkono mzima katika ile nafasi kuokota vifuniko vya soda vilivyodondokea humo. Bomba la maji lilikuwa likipasuka, mafundi wakaja, wakaunga, wakaondoka, likapasuka tena hatua chache kutoka pale. Kila mtu mzima alikuwa na maelezo yake: saruji ilikuwa na mchanga mwingi, fundi alikuwa na haraka, malori yanatikisa mtaa. Sikumsikia hata mmoja akisema kwamba ardhi yenyewe inatembea.

Nayo inatembea kweli. Wajiolojia wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, UOB, pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Afrika ya Kati yaliyoko Tervuren, Ubelgiji, wameifuatilia Funu kwa miaka kwa vipimo vya ardhini, kwa setilaiti na kwa picha za zamani zilizopigwa na ndege. Mwaka 2022 Antoine Dille na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi uliorudi nyuma miaka zaidi ya 70. Funu ni poromoko pana, lenye kina kirefu, linaloteremka polepole huku maelfu ya watu wakipika, wakilala na kulea watoto juu yake. Na sehemu zake zimeongeza mwendo kadiri mji ulivyoota juu yake. Sababu moja kubwa ni maji. Mvua iliyokuwa ikitawanyika kwenye majani na mizizi, leo inakusanywa na mabati na njia za saruji ikamwagwa mahali pamoja. Ardhi ikisogea inakata mabomba. Mabomba yaliyokatika yanalowesha ardhi.

Nilipousoma utafiti huo niliona nyumba ya shangazi kila mstari. Niliona uchungu pia. Maarifa haya yapo, mengine yamekusanywa na vijana wa mji wetu wenyewe waliopanda vilima hivyo na vifaa mgongoni, lakini sijaona ofisi ya komuni yenye ramani ukutani inayomwonyesha mnunuzi wa kawaida wapi ardhi imetulia na wapi inateremka. Mtu anaweza kuweka akiba ya maisha yake yote juu ya poromoko lililokwisha kupimwa, na asiambiwe.

Asiyeijua Bukavu aelewe tulivyofika hapa. Mji umekaa juu ya lava za kale, basalti iliyooza kwa mvua za miaka isiyohesabika ikawa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukikauka unataka sururu. Ukilowa unateleza. Chini yake ni Bonde la Ufa, nalo halijalala: tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, tetemeko la kipimo cha karibu 6 lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, na huko Rwanda waumini walifukiwa na kuta za makanisa. Wabelgiji, waliouita mji huu Costermansville, walijijengea zaidi kwenye rasi zinazoingia ziwani, Nguba, Muhumba, Labotte, wakaacha miteremko mingi mikali na miti yake. Kisha ikaja vita ya 1996, na vita zilizofuata. Watu walikimbia vijiji vyao na magodoro kichwani, na nafasi waliyoikuta ilikuwa ile miteremko. Siwalaumu hata kidogo. Mtu anayekimbia risasi haulizi udongo. Leo mji una watu zaidi ya milioni moja, na nyumba zilizopandishwa kwa dharura zinauzwa kwa bei ya nyumba zilizopangwa.

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa Kadutu, si mbali na ukingo wa Funu. Vyumba vinne, matofali ya kuchoma, mabati mapya, rangi ya krimu iliyokuwa bado inanukia. Komisioneri alimgeukia mume wangu, mimi akanipita kana kwamba nimesindikiza tu. "Papa, iko na makaratasi yote. Kesho muteja mwingine anakuja na feza mukononi." Huyo mteja wa kesho yupo katika kila nyumba inayouzwa Bukavu.

Enjinia alikuja asubuhi, mzee wa maneno machache, na cha kwanza kilichonifundisha ni kwamba hakuingia ndani. Aliipita nyumba akateremka kwa majirani wa chini, akabisha hodi, akaomba kuangalia nyuma ya jikoni zao. Kisha akapanda kwa majirani wa juu. Alitazama mikaratusi iliyoota mpakani, akatuonyesha mashina yake: yalikuwa yameinama kuelekea bondeni karibu na mizizi, halafu yakajinyoosha kwenda juu. Mti hutafuta wima, alisema. Shina likipinda hivyo chini, ujue udongo ulisogea mti ukiwa tayari umeota. Akatazama nguzo ya umeme. Akatazama ngazi za mawe za kichochoro, ambazo katikati zilikuwa zimefunguka.

Alipofika kwenye ukuta wa kushikilia udongo, ule wa nyuma ya nyumba, alikaa muda mrefu. Ulikuwa wa mawe, mrefu kunizidi, na komisioneri alikuwa ameusifu. Enjinia aliweka jicho lake sambamba nao akaniita nami niweke langu. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Akatafuta matundu ya kutolea maji, hakuyaona hata moja. Mvua ikinyesha, maji yanajaa nyuma ya mawe na kuusukuma ukuta mzima, na ukuta wa namna hiyo ukianguka, haungoji mchana.

Ndipo akaingia ndani. Hakushtushwa na nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye plasta. Hizo, alisema, ni plasta iliyokauka haraka. Alitafuta zile za mshazari, zinazoanzia kwenye pembe za milango na madirisha, zinazofuata viungo vya matofali kama mtu anayepanda ngazi. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na kabati kubwa lililosukumwa hadi ukutani. Aliomba ruhusa lisogezwe. Nyuma yake ukuta ulikuwa na mstari wa plasta mpya, mpana kama kiganja, kutoka sakafuni hadi dari. Na katikati ya plasta hiyo, ufa ulikuwa umekwisha kuanza upya.

Alichofanya baadaye ningependa kila mnunuzi wa Bukavu akijue, kwa sababu hakina gharama. Alikoroga plasta laini kidogo ndani ya kopo, akaibandika kama kiraka kidogo juu ya ufa, nusu upande huu na nusu upande ule, akaandika tarehe juu yake kwa penseli. Alibandika viraka vingine viwili, kimoja sebuleni, kingine nje kwenye msingi. Plasta ikikauka hainyumbuki. Ukuta ukitulia, kiraka kitabaki kizima. Ukuta ukisogea hata kidogo, kitakatika, na upana wa mkato huo unapimika. "Sasa tungoje mvua," alisema.

Muuzaji alikasirika. Alisema tunamchafulia nyumba, na kwamba mteja mwingine hangojei mvua. Tulingoja. Mvua za Septemba zilianza, Oktoba zikakolea, na tuliporudi kwa hisani ya mpangaji aliyekuwa bado anaishi humo, kiraka cha chumba cha nyuma kilikuwa kimegawanyika vipande viwili na ncha ya kisu ilipita katikati. Hatukuinunua.

Nilimweleza muuzaji na komisioneri kila alichokiona enjinia, uso kwa uso. Kabla ya mwaka kuisha nyumba ilichukuliwa na familia nyingine, rangi ikiwa imepakwa upya. Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko yote ninayoyasimulia hapa. Kanuni yetu ya mikataba, ile ya 1888 ambayo bado inatumika Kongo, inampa mnunuzi haki ya kudai kwa kasoro iliyofichika. Kasoro inayoonekana hailipiwi, maana angeweza kuiona mwenyewe. Lakini ufa uliofunikwa kwa kabati umefichika au unaonekana? Mawakili watabishana juu ya hilo miaka, na familia itakuwa inalala chini ya ukuta huohuo. Ripoti ya mtaalamu, yenye tarehe na picha, ingelimaliza swali hilo kabla ya sahihi.

Nyumba ya pili ilikuwa Panzi, na ardhi yake ilikuwa nzuri: tambarare kiasi, kavu, majirani hawana nyufa. Tulianza kufurahi. Huko ndiko nilikomjua jeometri kazini. Karatasi ya muuzaji ilisema parseli ina ari 4 na sentiari 20, yaani mita za mraba 420. Jeometri alikuja na dekameta, kifaa cha GPS, kijana wa kushika upande wa pili, na nakala ya mchoro. Akaanza kutafuta borni, vile vishina vya saruji vinavyopandwa kwenye pembe za parseli siku ya kupimwa. Mbili alizipata kwenye majani. Ya tatu ilikuwa imeng'olewa, shimo lake bado linaonekana. Ya nne tuliipata ndani ya ua wa jirani, chini ya paa la jiko lake, imetumika kama jiwe la kuwekea ndoo.

Jirani huyo, mama mmoja mjane, hakutufukuza. Aliingia ndani akatoka na bahasha ya plastiki, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya mauzo yenye mihuri, iliyotiwa sahihi na ukoo uleule uliomuuzia muuzaji wetu. Ukanda mmoja wa ardhi uliuzwa mara mbili, miaka kadhaa katikati. Pande zile, kabla mji haujafika, ardhi ilishikwa kwa mila za Bushi, nchi ya Washi: mtu alipewa kwa kalinzi, akatoa ng'ombe au mbuzi kwa chifu, akawa na haki ya kudumu yeye na wanawe. Mila hiyo ilikuwa na mashahidi wake na iliheshimiwa. Mji ulipokuja na bei zake, wajukuu waligundua kwamba kila mmoja anaweza kuuza. Mama yule hakuwa mwizi, na sidhani muuzaji wetu alikuwa mwizi pia. Lakini tungenunua, tungenunua kesi.

Watu wengi hapa huamini kwamba karatasi yenye muhuri ni karatasi. Sheria inasema vingine. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Sisi raia tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati. Kifungu cha 219 kiko wazi. Fishi ya parseli kutoka kartie si sertifika. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu si sertifika. Mkataba wa kupangishwa na Serikali ni hatua ya njiani tu. Hata sertifika yenyewe, kwa kifungu cha 227, inaweza kupingwa mpaka miaka miwili ipite tangu itolewe, kwa hiyo ukionyeshwa iliyotoka mwezi uliopita, uliza kwa nini imetoka mwezi uliopita. Tazama pia jina lililoandikwa humo. Kama ni la marehemu, warithi wote waje, pamoja na yule aliyeko Uvira na yule aliyeko Ulaya. Kama muuzaji ana mke, mke naye aje aketi, aongee, atie sahihi.

Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi lenye silaha la M23, suala hili limekuwa gumu zaidi, kwa sababu hati iliyotolewa na mamlaka moja huenda mamlaka nyingine isiitambue. Jeometri wangu huwaambia wateja wake sasa: mchoro wenye vipimo sahihi na borni zilizopigwa picha zikiwa mahali pake, utawafaa mbele ya mamlaka yoyote. Namwamini.

Kwingineko kazi hii ya kukagua kabla ya kununua ina utaratibu wake. Uingereza mnunuzi humtuma mkaguzi wake mwenyewe kabla ya kulipa, na chama cha wataalamu hao, RICS, kilianzishwa 1868. Kenya, tangu Aprili 2021, sehemu ya upekuzi wa hati imehamia kwenye mtandao wa Ardhisasa. Ni hatua nzuri, lakini upekuzi wa hati unakwambia jina la mwenye ardhi. Haukwambii kama jengo litasimama. Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto lilianguka baada ya mvua kubwa, wakafa watu wapatao 50. Waliokufa walikuwa wapangaji. Mpangaji hata haulizwi.

Sisi tulinunua katika komuni ya Bagira. Ni nyumba ya zamani, mojawapo ya zile za matofali zilizojengwa miaka ya 1950 na OCA, ofisi iliyowajengea Waafrika wa mijini wakati wa Wabelgiji. Ndogo, vyumba vya kubanana, lakini ilijengwa na watu waliochimba msingi. Enjinia aliikagua kama ile ya kwanza: alipita kwa majirani, akatazama miti, akabandika viraka, na viraka vikapita msimu wa mvua vikiwa vizima. Hakuipa alama zote. Mbao mbili za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Chumba cha nyuma, kilichoongezwa baadaye, kilikuwa kimekaa juu ya ardhi tupu bila msingi, kikijitenga na nyumba mama. Na shimo la choo la jirani wa juu lilikuwa linavujia upande wetu. Alilinusa kabla hajaliona, kwenye ukoka uliokuwa umestawi kupita kiasi katikati ya kiangazi.

Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili tu, lakini kurasa hizo ndizo zilizoongea mezani badala yetu. Mtu anayekuuzia nyumba akisikia "bei ni kubwa" anacheka. Akisomewa "chumba hiki hakina msingi, na gharama ya kukijenga upya ni hii", anaomba maji ya kunywa. Bei ilishuka kiasi kinacholipa enjinia na jeometri mara nyingi. Muuzaji alikubali kuchimba mfereji wa kukata maji upande wa juu kabla ya malipo ya mwisho, na sharti hilo tuliliandika katika mkataba mbele ya notari. Jirani wa juu tulizungumza naye wenyewe, kijirani, tukachangia saruji ya shimo jipya. Mama mkwe alikuja kutembea baada ya kuhamia, akazunguka nyumba yote, akaniuliza ule mfereji ni wa nini. Nikamweleza. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wanawe wengine walipe enjinia.

Najua nani atasoma haya na kusema ni mambo ya wenye sertifika. Nyamugo na Nkafu familia hununua nyumba ya mbao ya vyumba viwili, kichochoro hakipitishi jeneza, moto ukiwaka nyumba moja unakwenda na mtaa. Ada ya enjinia kwao ni chakula cha mwezi. Ninawajua, nawafundisha watoto wao. Lakini nusu ya kazi niliyoiona kwa macho yangu haikuhitaji mashine: kwenda siku inayofuata mvua kubwa, kuuliza majirani wa juu na wa chini, kutazama miti na nguzo, kusogeza kabati, kubandika kiraka na kungoja. Fundi mwashi yeyote mwaminifu anaweza kuongozana nawe kwa pesa ya siku moja. Likelemba ya wanawake kumi inaweza kumwita enjinia aje azunguke mtaa mzima kwa siku moja badala ya kila mmoja kumwita peke yake. Na vyuo vyetu, UOB na Chuo Kikuu cha Kikatoliki, vina wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Wapelekwe Cimpunda, wapelekwe Kasali, wawaambie watu walichokiona kwa Kiswahili. Ripoti iliyoandikwa kwa Kifaransa na kufungiwa maktaba haitamhamisha mtoto kutoka chini ya ukuta wenye tumbo.

Ninasisitiza hivi kwa sababu ya yaliyotokea Kalehe, kaskazini mwa Bukavu. Tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, mvua ilifungua milima, na mito ikateremsha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Bukavu nzima ilikuwa na mtu wa kumlilia. Darasani kwangu viti vilikaa wazi wiki ile, watoto wamekwenda matanga. Vijiji vile vilikuwa vimekaa mahali mito inapotokea milimani, juu ya udongo ambao mito yenyewe iliuleta zamani. Kila mjiolojia angeweza kuwaambia hivyo kwa kutazama tu umbo la nchi. Walionunua viwanja pale hawakuwa na mtu wa kuwatazamia.

Mdogo wangu amenipigia simu juzi. Amepata nyumba Panzi, sebule kubwa, bei nzuri, rangi mpya, na komisioneri amemwambia kuna mteja anakuja kesho. Nimempa namba ya jeometri na ya enjinia. Nimemwambia aende kwanza kwa majirani wa chini, bila komisioneri, na aangalie nyuma ya jikoni zao. Analalamika kwamba mvua bado ni mbali na nyumba itamponyoka. Kama itanunuliwa kabla haijapimwa, nimemjibu, tutatafuta nyingine, na hiyo nyingine nayo tutaipima.